Wao Walichimba, Nasi Tuchimbe? Hesabu Inakataa

Leo naweka kando programu na seva nizungumzie kitu kinachoziendesha zote mbili: kawi. Najua wengine wenu mtalalamika kwamba mlikuja hapa kusoma habari za tarakilishi. Lakini tarakilishi bila stima ni sanduku tu la kuwekea chombo cha maua, na mambo ya stima hayaishii kwenye tokeni unazonunua kwa simu. Yanaanzia Brussels, Abu Dhabi, Beijing na Kolwezi, kisha ndipo yanafika kwenye mita yako.

Kilichonichokoza ni msemo mmoja. Kila mkutano wa tabianchi ukikaribia, lazima utamsikia mwanasiasa fulani wa Afrika akisimama mbele ya kipaza sauti na kusema: wao walichimba mafuta wakatajirika, sasa ni zamu yetu, mbona mnatuzuia? Makofi. Vigelegele. Vijana wanausambaza msemo huo kwenye simu zao na kila mmoja anajiona mwanamapinduzi. Mimi nimeuchoka. Si kwa sababu ni uongo mtupu. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ni tamu kiasi kwamba hakuna anayeuliza habari za nusu ya pili.

Nianze na ile ya kweli, asije mtu akasema nimenunuliwa na wazungu.

Novemba 2021, kule Glasgow, nchi zaidi ya 30, Ujerumani ikiwamo, zilitia sahihi ahadi ya kuacha kutumia fedha za umma kugharamia miradi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe ng'ambo ifikapo mwisho wa 2022. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Mei mwaka huo huo Chansela Olaf Scholz alikuwa Dakar akizungumza na Rais Macky Sall kuhusu gesi ya Senegal. Miezi sita tu! Julai 6, 2022 Bunge la Ulaya likakataa kuipinga kanuni inayoruhusu gesi na nyuklia, kwa masharti, kuingizwa katika orodha ya uwekezaji unaofaa mazingira. Wiki kumi baadaye, Bunge lile lile likapitisha azimio la kulaumu bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Tanga. Na Januari 2023 polisi wa Ujerumani wakawa wanawatoa waandamanaji katika kijiji cha Lützerath ili kampuni ya RWE ichimbe makaa ya mawe yaliyo chini yake.

Mkuki kwa nguruwe.

Sisemi azimio la Hoima lilikuwa la uzushi. Watu waliohamishwa katika ardhi zao walikuwa na malalamiko ya kweli, na baadhi ya visima vimo ndani ya mbuga ya Murchison Falls. Lakini mwenye asilimia 62 ya bomba hilo ni TotalEnergies ya Ufaransa, nchi yenye wabunge wake humo humo Bungeni. Ukitaka kuzima seva, huanzi kwa kumpigia kelele mlinzi wa mlangoni ilhali aliye na nywila ameketi nawe meza moja.

Kisa kinachoniuma zaidi lakini si cha Afrika. Ni cha Pakistan. Nchi ile ilikuwa imejenga mitambo mingi ya umeme inayotumia gesi iliyogandishwa kuwa kimiminika na kuletwa kwa meli, kwa sababu iliambiwa gesi ni nafuu na ni safi kuliko makaa ya mawe. Mwaka 2022 Ulaya ikaingia sokoni na mfuko uliojaa. Bei zikaruka. Pakistan ikatangaza zabuni ya kununua gesi Julai 2022 na hakuna kampuni hata moja iliyojibu. Hata moja! Watu wakakaa gizani saa nyingi kwa siku, katika mwaka ule ule ambao mafuriko yalifunika sehemu kubwa ya nchi yao. Hakuna aliyepiga risasi, hakuna aliyeweka vikwazo. Tajiri alinunua tu, na maskini akakosa. Ukitaka kuelewa siasa za kawi katika dunia inayozidi kupata joto, anza na zabuni hiyo isiyojibiwa, uachane na hotuba.

Kilichofuata kinavutia. Wapakistani hawakungoja serikali. Walinunua paneli za sola kutoka Uchina, wakaziweka juu ya paa za nyumba, viwanda, hata kwenye pampu za mashambani. Mwaka 2024 peke yake nchi iliagiza paneli za takriban gigawati 17. Nchi yetu nzima, tukiwasha kila kitu jioni, mwanzoni mwa 2025 ilihitaji kitu kama gigawati 2.3. (Si kila kitu ni sukari. Wenye pesa walipohamia kwenye paa zao, gharama za ile mitambo ya zamani ziliachiwa wateja waliobaki kwenye gridi, na hao ndio wasio na paa la kuweka paneli. Wakubwa wa Kenya Power wakisoma haya wataelewa, maana viwanda vyetu vimeanza safari ile ile.)

Haya. Ulaya ni wanafiki, tumekubaliana. Je, unafiki wao unayafanya mafuta yetu kuwa mpango mzuri? Hapa ndipo watu wetu wanaporuka hatua. Katika msimbo, kosa la jirani yako haligeuzi kosa lako kuwa sahihi. Programu yako itakwama vile vile.

Twende Turkana. Kisima cha Ngamia 1 kilitoa habari njema Machi 2012. Nakumbuka furaha ya nchi, ramani magazetini, watu wakizungumza kana kwamba Lodwar itakuwa Dubai kufikia 2017. Mwaka 2018 mafuta ghafi yakaanza kusafirishwa kwa malori hadi Mombasa. Wenyeji wakayazuia barabarani wakidai usalama na mgao wao. Agosti 2019 meli ya kwanza ikang'oa nanga na mapipa 200,000, yaliyouzwa kwa takriban dola milioni 12. Halafu? Kimya. Mei 2023 TotalEnergies na Africa Oil wakajiondoa. Mwaka 2025 Tullow nayo ikauza mali zake zote za Kenya, kwa takriban dola milioni 120, kwa kampuni yenye uhusiano na Gulf Energy. Ni miaka 13 kutoka kisima hadi kuuza na kuondoka.

Tatizo lenyewe ni la kawaida kabisa, halihitaji njama. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, hivyo bomba lake lazima lipashwe joto njia nzima hadi Lamu, zaidi ya kilomita 800. Bomba la namna hiyo linalipa tu likishirikiwa. Uganda, ambayo ingekuwa mshirika, iliamua Aprili 2016 kupitisha mafuta yake Tanga. Tukabaki na bomba la mtu mmoja. Na mafuta yenyewe yakianza kutoka kwa wingi, yatamkuta mnunuzi gani? Uchina, ambako ukuaji wa soko la mafuta duniani ulitegemewa kwa miaka ishirini, mwaka 2024 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Norway, ambayo wachimbaji wetu huitaja kila mara kama mfano wa nchi iliyotajirika kwa mafuta, mwaka huo huo karibu magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya umeme. Muuzaji wa pombe mwenyewe ameacha kunywa, na sisi ndio kwanza tunaomba mkopo wa kufungua baa.

Na katika baa hiyo Mturkana atapata nini? Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa serikali kuu asilimia 75 ya mgao wa serikali, kaunti asilimia 20, na jamii ya pale pale asilimia 5. Tano! Sasa weka hiyo tano kando ya kitu kingine. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika Pembe ya Afrika. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, na Turkana ni miongoni mwa kaunti zilizoumia vibaya. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walichunguza ukame ule na kutoa matokeo Aprili 2023: mabadiliko ya tabianchi yaliufanya uwezekano wake kuwa mkubwa angalau mara 100. Kwa hiyo mtu yule yule ambaye mbuzi wake walikufa kwa sababu dunia ilichoma mafuta anaambiwa ajivunie asilimia 5 ya mafuta yatakayochomwa. Anayeita hiyo haki ajaribu kuisema Lokichar, mbele ya mama aliyebaki na mbuzi wawili. Asiiseme Nairobi hotelini.

Nitaulizwa: sasa wewe mtoto wa kompyuta unataka tufanye nini, tuwashe mishumaa? La. Nataka tugombane juu ya kitu sahihi. Tunagombana juu ya mashimo, na nguvu hazimo shimoni. Zimo kwenye riba, kwenye mitambo ya kusafisha, na kwenye mikataba.

Tuanze na riba, kwa sababu hakuna anayeizungumzia na ndiyo inayotumaliza. Mtambo wa sola hauli mafuta. Gharama yake karibu yote unailipa siku ya kwanza, halafu unavuna miaka 20. Maana yake ni kwamba bei ya umeme wake inaamuliwa na bei ya pesa, jua likija nyuma. Februari 2024 serikali yetu ilikopa kwenye soko la kimataifa kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Wakati huo Ujerumani ilikuwa ikikopa kwa chini ya asilimia 3. Kampuni binafsi hukopa juu kidogo ya serikali yake. Basi niliandika skripti fupi, mistari isiyozidi kumi, nikaweka mradi mmoja wa dola milioni 10, mkopo wa miaka 20, malipo sawa kila mwaka. Mjerumani nikampa riba ya asilimia 4, Mkenya nikampa 12.

Mjerumani analipa kama dola 736,000 kwa mwaka. Mkenya analipa kama dola 1,339,000. Mwisho wa safari Mjerumani amelipa dola milioni 14.7 na Mkenya milioni 26.8. Tofauti peke yake, milioni 12, inazidi bei ya mradi wenyewe! Paneli ni zile zile, za kiwanda kile kile cha Uchina, pengine zilisafiri katika kontena zilizopangwa pamoja.

Sasa ongeza jua. Paneli iliyowekwa hapa kwetu hutoa umeme kama mara moja na nusu ya ile iliyowekwa Ujerumani. Gawanya. Riba inatupandishia gharama mara 1.8, jua linatupunguzia kwa mara 1.5, na mwishoni uniti moja ya Mkenya inatoka ghali kuliko ya Mjerumani kwa karibu asilimia 20. Tumepewa jua na Mungu, benki ikalitoza ushuru likazidi kuwa ghali kuliko la mtu anayeishi chini ya mawingu. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kurudia hesabu hii na kubadilisha namba. Matokeo yatapanda na kushuka lakini mwelekeo ni ule ule. Shirika la kimataifa la kawi, lile la Paris, limeandika mara kadhaa kwamba gharama ya mtaji wa miradi ya kawi safi Afrika ni angalau mara mbili au tatu ya nchi tajiri, na kwamba bara hili lenye asilimia 60 ya maeneo bora ya jua duniani lina karibu asilimia 1 tu ya mitambo ya sola.

Kwa hiyo, mtu wa Ulaya anapokuja kuniambia nisichimbe, sina haja ya kumjibu kwa kelele za zamu yetu. Nataka kumuuliza riba. Niletee asilimia 4, halafu tuzungumze habari za mashimo. Wakubwa wetu walijaribu kidogo Nairobi, Septemba 2023, katika ule mkutano wa Afrika wa tabianchi. Azimio lao lilizungumzia kurekebisha mfumo wa fedha duniani. Likaishia hapo kwenye karatasi. Baku, Novemba 2024, nchi zinazoendelea zilitaka dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Nchi tajiri zikaahidi kuongoza ukusanyaji wa bilioni 300 ifikapo 2035, na hata hizo sehemu yake ni mikopo. Mikopo kwa riba gani? Hawakusema.

Tuje kwenye mitambo ya kusafisha. Kenya ilikuwa na mtambo wake Changamwe, tangu 1963. Ulisimama 2013. Tangu wakati huo kila lita ya petroli na dizeli inaingia ikiwa imeshasafishwa kwingine. Kwa hiyo hata tungeanza kuchimba Turkana kesho asubuhi, mafuta ghafi yangepanda meli kwenda, na petroli ingepanda meli kurudi, na matatu yako ya Kawangware isingejua tofauti. Aprili 2023 tukaanza mpango wa serikali kwa serikali: kampuni za Saudi Aramco, ADNOC na ENOC zinatuletea mafuta, tunalipa baada ya siku 180. Tuliambiwa dola zitapatikana na bei itatulia. Septemba mwaka huo petroli ikavuka shilingi 200 Nairobi. (Na ushuru wa thamani kwenye mafuta ulikuwa umepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 miezi michache kabla, ili tusiwalaumu Waarabu kwa yetu wenyewe.) Uganda, iliyokuwa ikinunua kupitia kwetu, ilichoka ikaenda hadi Mahakama ya Afrika Mashariki Arusha mwisho wa 2023, na 2024 ikaanza kuagiza yenyewe. Jirani akikushtaki kwa sababu ya mtungi, jua mtungi umevuja.

Kuna jambo dogo hapo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Mkutano wa COP28, Dubai, Desemba 2023, uliongozwa na Sultan Al Jaber. Bwana huyo ndiye mkuu wa ADNOC. Yaani mwenyekiti aliyegonga nyundo dunia ikikubali kuondoka polepole kwenye mafuta alikuwa pia anatuuzia mafuta kwa deni la nusu mwaka. Simlaumu hata kidogo. Anajua kucheza pande zote mbili za meza. Nchi yake inawekeza kwenye sola, kwenye vituo vya data, na kwenye mafuta. Sisi hatuko upande wowote wa meza. Tuko kwenye menyu. Na sehemu kubwa ya mafuta ya Ghuba hupita Mlango wa Hormuz, ambako mwaka 2024 yalipita mapipa kama milioni 20 kila siku, moja ya tano ya yanayotumiwa duniani. Israel na Iran walipopigana siku 12 Juni 2025, bei ilipanda kabla hata meli moja haijazuiwa. Mtu wa boda boda wa Kisii hana ugomvi na yeyote kati ya hao wawili, lakini ugomvi wao una njia ya moja kwa moja hadi kwenye tangi lake.

Hapo wapenzi wa sola watanipigia makofi, nao nawaomba wangoje. Kawi safi ina mabwana wake. Uchina inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kutengeneza paneli. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, lakini inasafishwa Uchina. Desemba 2023 Uchina ilianza kudai leseni kwa grafiti ya betri inayouzwa nje, na Desemba 2024 ikaikatalia Marekani galiamu na jerimaniamu, kisha baadaye ikalegeza ilipopenda. Huo ndio ushikaji wa swichi.

Wako waliojaribu kuinyakua swichi. Indonesia ilipiga marufuku kuuza nje nikeli ghafi Januari 2020. Ulaya ikaishtaki katika Shirika la Biashara Duniani na ikashinda Novemba 2022. Indonesia ikakata rufaa katika mahakama ya rufaa isiyo na majaji, ambayo Marekani ilikuwa imeikwamisha, na mambo yakabaki hapo hapo (nasema kwa heshima: huo ni ujanja wa kiprogramu kabisa, kutuma ombi kwa seva iliyozimwa). Viwanda vikaja. Lakini ni vya pesa za Uchina, na vinaendeshwa kwa makaa ya mawe, ili gari la Oslo liitwe safi. Kongo nayo Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje bei ilipoanguka, na Oktoba ikaweka viwango vya mgao. Bei ilizidi mara mbili. Kinshasa iligundua, baada ya miaka mingi, kwamba mwenye asilimia 70 ya kitu anaweza kukataa kupokea simu.

Pamoja na hayo, bado kuna tofauti kati ya bwana wa mafuta na bwana wa paneli, na mtu wa kompyuta ataielewa haraka. Mafuta ni programu ya kulipia kila mwezi. Siku usipolipa, au siku mwenyewe akikasirika, inazima. Paneli ni programu uliyonunua mara moja, iko kwenye diski yako. Muuzaji akikasirika kesho, itaendelea kufanya kazi miaka 25. Atakachokunyima ni toleo jipya tu. Kwa nchi isiyo na jeshi la kulinda meli, tofauti hiyo ni kubwa kuliko maneno yote ya uhuru wa kawi.

Ila kuna tundu. Paneli haina akili. Akili iko kwenye inveta, na inveta nyingi za kisasa huunganishwa na seva ya mtengenezaji kupitia intaneti. Mwenye seva anaweza kusoma, na katika nyingi anaweza kuamuru. Tukifika siku ambayo nusu ya stima yetu inapita kwenye inveta ambazo nywila zake ziko ng'ambo, tutakuwa tumetoka Hormuz tukaingia Hormuz nyingine ya nyaya. Hili linatibika, na kwa bei ndogo: sharti katika viwango vya nchi kwamba inveta yoyote inayouzwa hapa lazima iweze kuendeshwa bila seva ya nje, na itifaki yake iwe wazi. Tunao vijana wa kutosha wa kuandika sehemu iliyobaki. Sijamsikia mbunge hata mmoja akilitaja. Wako Turkana wanapiga picha na bomba ambalo halipo.

Wahabeshi wametutangulia. Januari 2024 Ethiopia ilitangaza kupiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Watu walicheka. Lakini nchi ile haina mafuta, haina dola, na ina maji. Septemba 2025 ilizindua bwawa lake la Nile lenye uwezo wa megawati 5,150, lililojengwa kwa hati za dhamana walizonunua raia wenyewe na fedha za serikali, huku Misri ikipinga mwanzo hadi mwisho. Sisi tunanunua kwao megawati 200 tangu 2022. Siwasifu kwa yote, nchi imepigana vita vibaya ndani yake na Misri ina hofu halali juu ya maji. Nasema tu kwamba walikaa chini wakauliza: tuna nini, na nani anaweza kutuzimia?

Sisi je? Kwa mwaka wa kawaida zaidi ya asilimia 80 ya umeme wetu hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Olkaria inatoa mvuke tangu 1981. Hakuna meli, hakuna Hormuz. Lakini angalia tulivyofanya na upepo wa Loiyangalani. Mitambo 365, megawati 310, ilikuwa tayari 2017, ikasimama zaidi ya mwaka ikizunguka bure kwa sababu laini ya kuleta stima Suswa haikuwa imekwisha, na mkataba ukatulazimu kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukufika. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi ya mradi zilitolewa kinyume cha sheria, bila kufuata njia inayompa mfugaji sauti. Kawi safi kabisa! Mkataba ndio ulikuwa mchafu.

Ndiyo maana habari ya Olkaria ya mwaka 2024 ilinifanya nisimame. Mei mwaka huo, Rais akiwa Washington, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kituo cha data cha akili mnemba huko, dola bilioni 1, kianze na megawati 100 na baadaye kifike gigawati 1. Kumbuka ile gigawati 2.3, kilele cha matumizi ya nchi nzima mwanzoni mwa 2025. Moja kwa mbili nukta tatu. Hiyo ni zaidi ya asilimia 40 kwa mteja mmoja.

Mimi ndiye ninayepaswa kushangilia, hii ndiyo kazi yangu. Na ningeshangilia: mteja mkubwa anayelipa anaweza kuifanya KenGen ichimbe visima vipya vya mvuke ambavyo Kenya Power peke yake haiwezi kuvigharamia. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini Wamaasai walihamishwa 2014 kupisha Olkaria IV, na vijiji vya karibu na mabomba yale viliona nyaya zikipita juu ya paa miaka mingi kabla hazijashuka. Seva haipigi kura, lakini ina wakili mzuri kuliko kijiji.

Kwa hiyo, mheshimiwa, badala ya kuniimbia zamu yetu, nijibu kabla ya kutia sahihi, na mkataba wenyewe uwekwe wazi kwenye wavuti ya wizara, hata uwe na kurasa 400 nitausoma. Uniti moja wanauziwa kwa shilingi ngapi, na mimi kwa ngapi? Visima vipya vinachimbwa kwa mkopo wa nani, kwa riba gani? Na jioni ile mvua imefeli, Masinga imekauka, mvuke hautoshi, ni nani anayezimwa kwanza: Naivasha, au mashine?